Uraibu unaomfaa Mwislamu: kuogelea, khati na kushona kofia Lamu

Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas hadithi ya neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo: afya na wakati wa faragha. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye neema hizo mbili na hajui azitumie vipi, hasa saa zile baina ya Alasiri na Magharibi ambazo huishia barazani na simu mkononi.

Uraibu wa kushika una masharti matatu. Usivuruge swala. Usile pesa ya nyumba. Na uwe na kipimo, yaani mwezi ukiisha uweze kusema ulikuwa wapi na sasa uko wapi. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa, na ndilo linalowafanya watu waache. Anayesema "nitafanya mazoezi" hana kipimo. Anayesema "nataka kuelea dakika kumi bila kugusa chini" anacho.

Shughuli tatu zimeelezwa hapa: kuogelea, khati ya Kiarabu, yaani kuandika herufi kwa ustadi, na kushona kofia ya viua. Usizianze zote pamoja. Chukua moja ya mwili na moja ya mkono, zitoshe kwa nusu mwaka. Kandanda imeachwa nje. Si mbaya, ila haihitaji mwongozo, na mechi za jioni zina tabia ya kumeza Magharibi. Mshipi nao umeachwa: ni uraibu mzuri sana, lakini mwalimu wake ni mvuvi akiwa ndani ya dau, si karatasi.

Panga saa kwanza

Lamu iko karibu na ikweta, kwa hiyo nyakati za swala hazisogei sana mwaka mzima. Alasiri huingia kati ya saa tisa na dakika kumi hivi na saa kumi kasoro dakika chache. Magharibi huwa kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi. Hapo una zaidi ya saa mbili, karibu kila siku, nazo ni za mwili. Baada ya Alfajiri, jua likishatoka, kuna mwanga laini na mji bado umetulia: hiyo ni saa ya khati. Kofia ni ya mchana baada ya Adhuhuri, wakati wa joto ambapo hakuna atakayekulaumu kwa kukaa kivulini. Usiipeleke usiku. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe chini ya taa huumiza macho, na makosa huyaoni mpaka asubuhi.

Funga kila shughuli nyuma ya swala, si mbele yake. "Nitaogelea halafu niswali Alasiri" huzaa swala ya haraka yenye mchanga masikioni. Swali kwanza, halafu shuka ufuoni.

Ramadhani ikiingia, khati na kofia ziendelee, kuogelea kusimame mchana. Maji kupenya puani au kooni ni jambo la sekunde moja, na hakuna sababu ya kuiweka saumu rehani.

Kuogelea

Nasai amepokea hadithi inayotaja mambo ambayo hayahesabiwi kuwa upuuzi, na kujifunza kuogelea ni mojawapo. Hata hivyo Lamu wako watu wengi, hasa wanawake na watoto, wanaopanda mashua kila wiki na hawawezi kujiokoa umbali wa mita ishirini.

Anza na mwezi, si na maji. Tarehe za Hijria ndizo zinazokuambia bahari ikoje. Mwezi ukiandama, yaani kati ya tarehe 1 na 3, na tena kati ya 15 na 17, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya karibu mita 3. Siku hizo maji hufika ukingoni kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na mbili jioni, yaani saa yako hasa. Kila siku husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Ukifika tarehe 8 au 9 ni mafu, yaani maji hayajai wala hayapwi sana, na saa kumi jioni utakuta yamekupwa. Wiki hiyo ogelea asubuhi, kiasi cha saa nne au tano. Hakikisha kwa nahodha yeyote aliye gatini kabla ya kupanga siku. Pepo na msimu husogeza saa kidogo.

Jambo la pili ni mkondo. Maji huchukua saa sita na kidogo kujaa, lakini hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1 katika 12, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo nusu ya maji yote hupita katika saa mbili za katikati, na huko ndiko mkondo wa mlango baina ya Lamu na kisiwa cha Manda unapokuwa mkali. Anayejifunza aingie katika nusu saa kabla ya maji kujaa kabisa na nusu saa baadaye, wakati yamesimama. Mlango wenyewe usiingie hata siku moja: kuna mkondo, na kuna boti za mashine ambazo hazikioni kichwa cha mtu.

Mahali pazuri ni ufuo wa Shela upande wa kijijini, mbali na zinapofungwa boti. Usiende ule ufuo mrefu unaotazama bahari kuu, hasa wakati wa upepo wa kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba, kwani mawimbi huko huvunjika kwa nguvu na maji yanaporudi hukokota.

Mavazi ya mwanamume yafunike kitovu mpaka magoti, na yawe ya kitambaa chepesi kinachokauka upesi. Kikoi hakifai, hufunguka. Kwa wanawake ni bora kushuka kwa kundi baada ya Alfajiri, sehemu iliyokubaliwa, na mmoja akae nchi kavu kuangalia watu na vitu. Vaeni suruali na kanzu fupi pana ya nailoni, na kilemba kilichobana kichwani. Buibui ni hatari halisi: likilowa huwa zito na hufunga miguu.

Vifaa ni viwili tu: mtu anayejua kuogelea, na dumu tupu la lita 5 lenye kifuniko kizima, lililofungwa kamba ya mita 3. Dumu ni la kushika ukichoka. Usilifunge kiunoni.

Hatua ya kwanza ni pumzi. Simama maji yakiwa kifuani. Vuta pumzi kwa mdomo, ingiza uso, itoe polepole kwa pua mpaka iishe, ndipo uinue uso. Fanya mara 20. Ukiona uvivu hapa utalipa baadaye. Karibu kila anayekwama kwenye kuogelea amekwama kwa pumzi, si kwa mikono: anaibana chini ya maji, akiinua kichwa anataka kutoa na kuvuta kwa mara moja, na anachovuta ni maji.

Hatua ya pili ni kuelea chali. Mwenzako aweke kiganja chini ya mgongo wako. Masikio yawe ndani ya maji, kidevu juu, tumbo juu. Chumvi ya bahari inakusaidia kuliko maji ya bwawa. Anayezama hapa anakuwa ameinua kichwa kutazama miguu yake. Kichwa kikipanda nyonga hushuka. Usiende mbele mpaka uweze kuelea dakika moja bila mkono wa mtu. Ujuzi huu peke yake umeokoa watu wengi kuliko mbio zozote.

Ya tatu: lala kifudifudi, mikono mbele, jisukume kwa miguu kuelekea ufuoni, teleza mpaka usimame mwenyewe. Ya nne: ongeza miguu. Pigo litoke nyongani, goti likunjike kidogo tu, kifundo kilegee. Ukikunja magoti kama mwendesha baiskeli utachoka na hutasogea. Ya tano: mikono na kugeuka kupumua. Geuza kichwa upande, sikio moja libaki majini, vuta pumzi, rudisha uso. Usiinue kichwa mbele.

Kipimo chako kiwe hiki: chomeka vijiti viwili ufuoni, umbali wa hatua 30 ndefu, ambazo ni kiasi cha mita 25. Ogelea sambamba na ufuo, maji yakiwa kifuani, kutoka kijiti hadi kijiti. Ukiweza mara nne mfululizo bila kugusa chini, na kuelea dakika kumi, umejifunza. Siku tatu kwa wiki, nusu saa kila siku, ni mwendo unaotosha. Zaidi ya hapo baridi na uchovu huharibu somo.

Ukivutwa na maji kwenda nje, usishindane nayo. Elekea upande, sambamba na ufuo, mpaka mvuto ulegee, ndipo urudi. Ukiingia majini buruta nyayo badala ya kunyanyua: samaki aitwaye taa hujilaza mchangani na akikanyagwa hupiga kwa mwiba wa mkia, lakini akisikia mtikisiko huondoka. Maji ya bahari ni twahara na udhu wake unaswihi, ila kuogelea hakuwi josho bila nia.

Khati

Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19 palikuwa na waandishi walionakili misahafu kwa mkono, yenye mapambo yao wenyewe. Maulidi ya Lamu, mwezi wa Mfungo Sita, bado huwa na mashindano ya khati pamoja na mbio za punda na majahazi. Kwa hiyo hapa khati ni kazi ya nyumbani, na mwalimu hupatikana ukiuliza madrasani.

Kalamu hutengenezwa kwa tete lililokomaa na kukauka, nene kama kidole cha mwisho, lenye urefu wa sentimita 20 hivi. Tete bichi hunywa wino na ncha hulegea. Kata mshazari mrefu wa sentimita 3 kwenye mwisho mmoja, chonga pande mbili mpaka ncha iwe na upana wa milimita 3, ondoa utando laini wa ndani, kisha pasua katikati ya ncha mpasuko wa sentimita 1. Mwisho, weka ncha juu ya kitu kigumu na uikate kwa pigo moja, kwa mshazari wa nyuzi 35 hivi. Ukikata kwa kusugua, ncha itakuwa na nyuzinyuzi na herufi zitakuwa na manyoya. Wembe wa kunyolea hauna nguvu ya kutosha. Tumia kisu kidogo kilichonolewa siku hiyohiyo.

Wino wa dukani wa maji meusi unafaa. Anayetaka wa masizi aloweke kijiko 1 cha gundi ya mgunga katika vijiko 3 vya maji usiku kucha, achuje, kisha asage humo kijiko 1 cha masizi ya koroboi kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Wino ukikauka na bado ukashika kidoleni ukiugusa, gundi ni chache. Uking'aa na kupasuka, imezidi. Ndani ya kidau cha wino tia fundo la nyuzi za hariri au pamba, ili kalamu iguse nyuzi badala ya kuzama. Hilo huondoa madoa karibu yote.

Karatasi ya daftari hunyonya wino na kuutawanya. Tumia mgongo wa kalenda ya zamani yenye karatasi laini ya kung'aa: wino hukaa juu, na kosa hufutika kwa kitambaa chenye unyevu.

Somo la kwanza ni nukta, wala si herufi. Weka ncha, ivute kidogo, upate mraba uliokaa pembe. Pande zake nne zikiwa sawa, umeshika kalamu vizuri. Zikiwa ndefu upande mmoja, ama umevuta sana ama umezungusha kalamu. Andika nukta mstari mzima, ukurasa mzima. Inachosha, na hakuna njia ya mkato, kwani nukta ndiyo rula ya kila herufi. Katika mtindo wa naskhi alifu huwa na urefu wa nukta 5, na katika thuluthi nukta 7. Anza na naskhi. Wengi huivamia thuluthi kwa sababu ndiyo ya mapambo ya msikitini, wakatoka na herufi zilizolewa.

Baada ya nukta, alifu kwa wiki moja. Kisha ba, halafu nuni, ambazo hufunza mkunjo. Andika herufi moja mara kumi, zungushia iliyo bora, andika chini yake kwa neno moja kasoro ya iliyo mbaya. Nusu saa yatosha. Mkono ukitetemeka, kiwiko hakina pa kuegemea. Kidole kikikakamaa, unabana kalamu.

Usianze kwa kuandika aya wala majina ya Mwenyezi Mungu. Utajaza makaratasi mabovu ambayo huwezi kuyatupa jaani. Herufi pweke kwanza, halafu maneno ya kawaida, na ukifika kwenye bismillahi uwe na udhu na uwe na bahasha ya kuwekea karatasi, uzichome au uzizike mahali safi zikijaa.

Kofia ya viua

Hii ni kazi ya wanawake na wanaume, na Lamu utaona mzee akishona barazani bila haya. Viua ni vile vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, vinavyofanya nakshi na kupitisha hewa kichwani. Hesabu muda kabla ya kuanza: kofia yenye viua 400, kwa mwanafunzi anayetumia dakika 4 kwa kiua, ni saa 27 hivi. Nusu saa kwa siku, itakuchukua karibu miezi miwili. Ukiijua hesabu hiyo hutakata tamaa wiki ya pili, na hutashangaa tena bei ya kofia ya mkono.

Nunua bafta nyeupe (kitambaa cha pamba) nusu mita, uzi mweupe wa pamba, sindano nyembamba, na msumari mdogo uliosuguliwa mpaka ukawa laini. Fua bafta kabla ya kukata. Pamba hurudi, ikirudi kwa asilimia 3 baada ya kushonwa, kofia ya sentimita 57 hupungua karibu sentimita 2 na haimwingii mwenyewe.

Pima kichwa kwa utepe, kidole kimoja juu ya nyusi. Tuseme ni sentimita 57. Ukanda wa pembeni uukate 59 kwa urefu, kwa kuacha 1 ya mshono kila mwisho, na 12 kwa upana. Duara la juu hupatikana kwa kugawa mzingo kwa 3.14: 57 hutoa 18. Ongeza 1 kila upande, ukate duara lenye upana wa sentimita 20. Kata kila kipande mara mbili, kwani kofia ina tabaka mbili, uzishikize pamoja kwa mishono mirefu ya muda.

Nakshi ichore kwa penseli ngumu, kwa wepesi. Kunja ukanda, bila sehemu za mshono, nusu mara tatu: utapata vyumba 8 vya sentimita 7 na kidogo. Weka ua moja lilelile kila chumba. Anayechora kutoka mwanzo hadi mwisho bila kugawa hufika kwenye kiungo na nusu ua, na kosa hilo halifichiki.

Kiua chenyewe: zungusha kwanza mishono midogo kuzunguka duara la milimita 3. Toboa kwa msumari ukisukuma nyuzi kando. Usizikate, kwani nyuzi zilizosukumwa ndizo zinazoshika kingo. Hapohapo, kabla tundu halijajifunga, zungushia uzi kwa mishono 12 hadi 16, kila mmoja ukiuvuta nje kwa nguvu ileile. Toboa kimoja, maliza kimoja. Tundu likijifunga, uzi ulilegea. Kitambaa kikikunjamana, ulivuta mno. Kati ya kiua na kiua bakiza angalau milimita 2, la sivyo kitambaa cha katikati hupasuka siku ya kufua.

Baina ya safu za viua shona mistari miwili sambamba, milimita 4 mbalimbali, upitishe uzi mnene wa pamba ndani yake kwa sindano butu. Hiyo ndiyo inayoipa kofia uti. Ukanda ushone ukiwa bado umenyooka mezani. Uunge kuwa duara viua vikishaisha, na kifuniko cha juu kiwe cha mwisho. Kishikize kwanza kwa pini sehemu nne zilizo sawa, kisha nane, ndipo ushone. Ukianza kushona kutoka sehemu moja kuzunguka, kitambaa kitazidi mwishoni na kofia itakaa upande.

Ikikamilika ina uchafu wa mikono na alama za penseli. Iloweke kwa maji baridi na sabuni, isugue kwa kiganja bila kuikamua, isuuze, kisha ichovye kwenye wanga mwepesi. Ivalishe juu ya sufuria au chombo chenye mzingo uleule wa kichwa, fungua kila kiua kwa ncha ya msumari kingali kibichi, na uianike kivulini. Juani wanga hukauka kwa mabaka ya manjano.